Tupeane uzoefu: Kutembea usiku Salaita na Latema–Reata, wewe na mwenzako

Mwana wa Lumi

Wadau, kila mwezi ukipevuka hawakosekani wawili watatu wa kuuliza namna ya kupanda usiku vilima vya Taveta, Kenya, walikopigana Waingereza na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, na kila mara wanajibiwa nusunusu. Huyu anawaambia waende tu, yule anawaambia wataliwa. Tuweke yote mahali pamoja. Anayejua njia aseme njia, anayejua wanyama aseme wanyama, anayejua sheria vivyo hivyo. Masimulizi ya majini yana uzi wake.

Naanza na Salaita, ndicho kilima cha kujifunzia. Kiko kando ya barabara ya Voi–Taveta, mashariki ya mji wa Taveta, kimesimama peke yake kwenye tambarare ya vichaka. Wajerumani walikiita Oldorobo. Wenyeji wengine watakwambia Salaita ni neno la Kiingereza la machinjo lililopinda mdomoni. Lichukue kama simulizi. Tarehe 12 Februari 1916 brigedi ya pili ya Afrika Kusini ilipigana hapo kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki ikarudishwa nyuma. Hasara ya upande wa Waingereza siku hiyo ilikuwa watu 172, na 133 kati yao ni wa Afrika Kusini. Mizinga ilikuwa imepiga kileleni, kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini, mguuni mwa kilima, yamefunikwa na vichaka.

Shika hilo, maana anayekuja usiku hukosea vilevile. Macho yanakwenda juu kwenye umbo la kilima linaloonekana vizuri dhidi ya anga, huku miguu inaingia kwenye mahandaki kabla mlima haujaanza. Yamejaa udongo na nyasi, mengine yamebaki mfereji tu, lakini mfereji wa kina cha goti unatosha kuvunja kifundo. Kwa hiyo ukiwa tambarare, tazama chini. Kilima hakitakupotea.

Ratiba inayofaa: fikeni saa kumi alasiri. Pitieni njia yote mchana, kwenda na kurudi, na mhesabu hatua kati ya alama mnazozichagua: kutoka barabarani hadi mti fulani, kutoka mti hadi handaki la kwanza, kutoka handaki hadi mawe yanapoanza. Andikeni kwenye karatasi, simu isiwe ndiyo daftari. Njia ya usiku ni ileile ya mchana. Mkiona usiku njia nyingine inayovutia zaidi, ni ya ng'ombe au ya tembo, na zote mbili haziendi mnakokwenda.

Mwendo: anayetembea kilomita nne kwa saa mchana, usiku ahesabu mbili, na penye mawe moja na nusu. Wekeni saa ya kugeuka, kwa mfano saa tatu na nusu usiku, na ikifika mgeuke hata kama kilele kiko hatua hamsini mbele.

Njia Panda

Mkuu umefungua vizuri. Naongezea upande wa mwezi, maana watu wanasema tu "nenda mbalamwezi" kama vile mbalamwezi ni moja.

Taveta jua linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika kumi, kutegemea mwezi wa mwaka. Sisi wa karibu na ikweta hatuna machweo marefu: dakika ishirini na kitu baada ya jua kuzama, huwezi tena kusoma karatasi. Mwezi mpevu nao unachomoza karibu saa ileile jua linapozama, unakuwa bado chini, nyuma ya vichaka, na kwa saa nzima ya kwanza mko gizani na mbalamwezi yenu. Ndiyo maana siku nzuri ni mbili au tatu kabla ya mwezi kupevuka: jua linazama mwezi ukiwa tayari juu. Siku mbili baada ya kupevuka ni kosa la wengi, kwa sababu kila siku mwezi unachelewa kuchomoza kwa dakika kama hamsini, na mkijumlisha mnakuta mnaungoja hadi karibu saa mbili na nusu.

Halafu angalia uko wapi angani. Mwezi ukiwa mbele yako, kila jiwe linatupa kivuli kuja kwako na unaliona. Ukiwa nyuma yako, unatembea juu ya kivuli chako mwenyewe. Ukiwa utosini, kama saa sita za usiku wa mwezi mpevu, vivuli vinakwisha na ardhi yote inaonekana bapa, shimo na jiwe rangi moja. Watu hujikwaa saa hiyo kuliko gizani kabisa, kwa kuwa gizani mtu anajua haoni.

Macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe wa simu unaifuta nusu saa hiyo mara moja. Tochi iwe na taa nyekundu, mwanga mweupe uwe wa dharura. Ukilazimika kuuwasha kwenye mawe, usiivae tochi kichwani: ikiwa karibu na macho haitupi vivuli unavyoviona, na wadudu wote wanakuja usoni. Ishike mkononi usawa wa kiuno. Kijiwe cha ukubwa wa yai kinatoa kivuli cha shubiri.

Mzee wa Mbuga

Naona mnazungumza mwezi na kivuli. Tembo je?

Niseme moja kwa moja. Eneo lote kuanzia Maktau, Mbuyuni hadi Salaita ni mapito ya tembo kati ya hifadhi ya Tsavo Magharibi na maji ya ziwa Jipe na mto Lumi. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kutembea kwa miguu usiku, na milango hufungwa jioni, basi hapo hakuna mjadala. Nje ya hifadhi sheria ni nyingine lakini tembo ni walewale. Hawana ramani.

"Wewe na mwenzako" kwenye kichwa cha uzi iwe na maana ya wewe, mwenzako, kijana mwenyeji anayejua kilima, na askari wa wanyamapori mwenye silaha mliyemwomba ofisini mapema. Wanne. Wakikwambia usiku huo kundi liko upande wa kilima, hamwendi, mnakunywa chai mjini. Kiangazi kikikaza, Septemba na Oktoba kabla ya vuli, tembo wanasogea majini kila usiku na uwezekano wa kukutana nao ni mkubwa. Januari hadi mwanzo wa Machi hali inategemea mvua za vuli zilivyonyesha. Aprili na Mei nyasi ndefu, hamuoni kitu.

Upepo. Mchana unavuma zaidi kutoka kusini mashariki. Usiku ukitulia, hewa ya baridi inateremka kutoka Kilimanjaro, yaani kutoka kaskazini magharibi, kwa hiyo mlichopanga alasiri kinaweza kugeuka ifikapo saa mbili. Njia ya kuujua ni soksi kuukuu yenye majivu makavu laini, imefungwa fundo. Igonge kidogo na kidole: vumbi jeupe linatoka na linaonekana hata kwa nusu mwezi, likienda linakokwenda. Kidole kilicholowa mate hakitoshi kwa upepo mdogo kama ule.

Dalili: matawi yanayokatika bila mpangilio, mngurumo wa chini kama tumbo la mtu mwenye njaa, harufu ya zizi lililochacha, kinyesi chenye joto. Mkisikia matawi kisha ghafla kimya, wamewasikia au wamewanusa. Simameni. Askari ndiye anayeamua, si mwenye kamera. Rudini kwa njia mliyojia, upepo ukiwa unatoka kwao kuja kwenu, bila kukimbia na bila kuwamulika machoni. Kumulika kunamweleza tembo hasa mlipo.

Nyati mmoja mzee aliyejitenga ni mbaya kuliko kundi la tembo, kwa sababu hatoi sauti yoyote. Analala kwenye kichaka cha kivuli, na usiku kichaka chote ni kivuli. Msikate vichaka, zungukeni.

Tumbili wa Jipe

Mzee hapo kwa wanne ninakubali kwa Salaita. Kwa Latema na Reata naona ni mambo mengine kabisa: hofu ya kwanza kule ni binadamu.

Vilima vile viko magharibi ya Taveta, huko mpakani, na kati yake ndipo njia ya zamani ya kuelekea Kahe na Moshi ilipopita. Maeneo yale yamejaa njia za panya. Watu wawili wenye mabegi mgongoni, usiku, wanazima taa kila wanaposikia pikipiki: mnafikiri doria itawadhania watalii? Fanyeni hivi. Siku moja kabla, pitieni kwa chifu wa eneo na kituo cha polisi mseme majina, idadi, njia, saa ya kuingia na ya kutoka. Mwulizeni chifu awaonyeshe kwa mkono mpaka unapita wapi, maana kichakani hakuna bango. Bebeni vitambulisho halisi, si picha kwenye simu. Mkikutana na doria, washeni taa nyeupe, imulike chini, mikono ionekane, msalimie kwanza. Kukimbia hata hatua tatu kunageuza mazungumzo yote.

Simu nayo: ukikaribia mpaka inashika mtandao wa Tanzania yenyewe, makato yanaruka na ujumbe wako kwa mtu uliyemwacha mjini haufiki. Chagua mtandao kwa mkono kwenye mipangilio kabla ya kutoka. Pakua ramani usiku uliotangulia, kisha weka simu hali ya ndegeni huku GPS ikibaki. Kinachomaliza chaji ni simu kutafuta mtandao, ramani haili sana.

Karani wa Zamani

Mmeitaja Latema–Reata, basi acha niwape kwa nini kwenda pale usiku kuna maana kuliko Salaita. Salaita ilipigwa mchana. Latema–Reata ilipigwa usiku.

Wajerumani waliihama Salaita tarehe 9 Machi 1916, baada ya Jenerali Smuts, mkuu wa majeshi ya Waingereza, kuzunguka kwa upande wa ziwa Chala, na Taveta ikashikwa kesho yake. Tarehe 11 Machi mashambulizi yakageukia pengo kati ya vilima hivi viwili. Mchana KAR ya 3 (King's African Rifles, askari wa Kiafrika wa Waingereza) ikajaribu pamoja na Baluchi wa 130 wa jeshi la India, kisha Warodesia, na kamanda wa KAR, Luteni Kanali Graham, akauawa. Usiku Jenerali Tighe akapeleka vikosi vya Afrika Kusini, cha 7 mbele na cha 5 nyuma yake, waingie kwa singe. Gizani, kwenye mwinuko wenye vichaka, mstari ukakatika vipande. Luteni Kanali Freeth wa kikosi cha 7 alifika juu kwenye ubavu wa Latema akahesabu watu wake: 18. Hapo akawakuta Warodesia na askari wa KAR wachache waliokuwa wamebaki wameng'ang'ania tangu mchana. Meja Thompson na watu kama 170 walikata upande wa Reata wakachimba. Byron wa kikosi cha 5 alifika kwenye pengo akiwa na watu 20 hivi, akarudi.

Chini hakuna aliyejua kwamba juu kuna watu. Kabla ya alfajiri amri ya kurudi nyuma ikatoka. Wakati watu wanarudi, doria zilizotumwa kuwatafuta Freeth na Thompson zikakuta wako juu, na Wajerumani ndio wanaoondoka. Kilima kilikuwa kimeshachukuliwa na mwenye kukichukua anaamriwa akiache, kwa sababu tu hakukuwa na habari kati ya juu na chini.

Sasa mwezi, kwa Njia Panda. Usiku wa 11 Machi 1916 mwezi ulikuwa nusu, unaokua. Mwezi wa namna hiyo unakuwa karibu utosini jua linapozama na unatua mnamo saa sita na nusu usiku. Anayetaka kuona walichokiona asiende mwezi mpevu. Achague siku ya nusu mwezi unaokua, awe mguuni mwa kilima saa mbili usiku, na ashuke kabla mwezi haujazama. Saa mbili hadi saa tano utaona umbo la vilima vyote viwili na pengo kati yao, lakini mtu aliye hatua kumi pembeni yako humwoni, unamsikia tu. Kwa saa tatu hizo nusu mwezi unatosha kabisa.

Mwana wa Lumi

Karani asante. Hapo kwenye kutojuana juu na chini ndipo penye kanuni ya watu wawili, na sijaiona ikiandikwa popote kwa ukamilifu. Naiweka.

Aliye mbele na aliye nyuma waachane hatua nne. Karibu zaidi, tawi analolisukuma wa mbele linamrudia wa nyuma usoni; mbali zaidi, kichaka kimoja kinatosha kuwatenganisha. Wa mbele anasema anachokikanyaga kwa neno moja: "shimo", "jiwe", "mwiba", "tawi". Wa nyuma anarudia neno lilelile. Asiporudia, wa mbele anasimama. Hamwiti majina kwa sauti na hampigi soga mkitembea. Mnapumzika, mnaongea mnavyotaka.

Mkipotezana: wote mnasimama hapo hapo. Wa nyuma hasogei kabisa. Wa mbele ndiye anayerudi, kwa sababu yeye njia ameshaipita na wa nyuma hajaijua. Ishara ni makofi mawili, majibu makofi mawili. Msitumie mluzi. Mbali na kwamba wazee wa vijiji vile hawapendi kabisa mluzi wa usiku na mtatafutiana ubaya bure, mluzi mwangwi wake kwenye mawe hauonyeshi unatoka wapi. Kofi lina sauti kavu, sikio linalielekeza. Zikipita dakika kumi hamjapatana, kila mmoja anawasha taa nyeupe ikitazama juu, si mbele, na anakaa chini.

Badilishaneni nafasi kila dakika ishirini. Wa mbele anachoka macho, wa nyuma anachoka akili.

Bi Mkonge

Wanaume mmesahau miguu na macho.

Upande wa Taveta kuna mashamba ya mkonge, na kuna mkonge uliojiotea nje ya mashamba. Jani la mkonge lina mwiba mweusi nchani, mgumu kama sindano ya gunia, na jani lililolala liko usawa wa paja, lililosimama liko usawa wa kifua na uso wa anayeinama. Mbalamwezi haiuonyeshi ule mwiba, inaonyesha jani. Vaeni miwani ya kioo cheupe, ile ya mafundi wa kukata mbao na chuma, ni ya bei ndogo. Na mnapoteleza msishike kitu chochote kwa mkono mtupu. Glavu za ngozi za bustani.

Viatu viwe vinavyofunika kifundo, soli ngumu. Mwiba wa mgunga unapita kwenye soli laini ya raba za kukimbilia hadi ndani. Suruali nzito, siyo jinzi iliyolowa jasho, na soksi ndefu zivutwe juu ya pindo la suruali. Hiyo soksi ina kazi mbili, mbigiri na kupe. Mkirudi, kabla ya kuoga, vueni nguo zote mzikague mishono, halafu nyuma ya goti, kinenani, kwapani, nyuma ya sikio. Kupe atolewe kwa kibano, ashikwe karibu na ngozi, avutwe taratibu bila kusokotwa. Msimpake mafuta ya taa.

Maji lita tatu kila mmoja kama mnaanza saa kumi alasiri. Juu hakuna hata tone.

Mzee wa Mbuga

Bi Mkonge amenikumbusha bafe. Nyoka huyu usiku anapenda njia iliyopigwa jua mchana, ardhi yake bado ina joto. Analala katikati, mnene, mfupi, rangi ya majani makavu, na tofauti na koboko yeye haondoki akisikia hatua. Ndiyo sababu wa mbele ana fimbo ndefu na anaiburuza ardhini mbele yake badala ya kuigongagonga.

Mtu akiumwa: akae, asitembee. Vua pete, saa na kiatu kabla mguu haujavimba. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Funga gango mguu usikunjike, andika saa aliyoumwa, beba hadi kwenye gari na hospitali. Kwa hiyo gari au bodaboda mliyopatana nayo isiwe imeondoka. Dereva alale humohumo kando ya barabara, alipwe usiku wake.

Dada wa Inverness

Salamu kutoka Uskoti. Huku kuna uwanja wa Culloden, chini ya Shirika la Taifa la Uskoti la kutunza urithi, na uwanja wenyewe, tofauti na jengo la makumbusho, uko wazi wakati wote. Kwa hiyo kutembea usiku huku si kosa na hakuna tembo.

Naleta kwa sababu ya alichosema Karani. Vita vya Culloden ni vya tarehe 16 Aprili 1746, lakini kilichowamaliza Wajakobu, jeshi la Charles Stuart aliyekuwa akidai ufalme, ni matembezi ya usiku uliotangulia. Walitoka jioni ya tarehe 15 kwenda kuivamia kambi ya Cumberland, mkuu wa jeshi la serikali, huko Nairn, maili 12 hivi, wakijua adui anasherehekea siku yake ya kuzaliwa. Walikuwa wamekula biskuti moja kila mtu. Walikwepa nyumba na barabara ili wasionekane, wakapita kwenye tope na kuta za mawe, na mstari ukarefuka hadi wa mbele wakalazimika kusimama kila mara kuwangoja wa nyuma. Saa nane usiku walikuwa bado maili kadhaa nyuma ya Nairn, kukiwa karibu kupambazuka. Lord George Murray akageuza. Mchana wake walipigana wamelala usingizi wakiwa wamesimama, na ikaisha chini ya saa moja.

Kwa hesabu za Mwana wa Lumi, kilomita mbili kwa saa usiku nje ya njia, safari ile ya kilomita 19 ilihitaji saa tisa na nusu. Walijipa kama sita. Hesabu hiyo ingefanywa mezani mchana.

Anayekuja: bendera nyekundu ni mstari wa serikali, za buluu ni wa Wajakobu, na zikiwa hazina upepo usiku zote zinaonekana nyeusi, basi zipitieni kabla ya giza. Mawe ya makaburi ya koo yaliwekwa 1881, yako chini chini pembeni mwa njia, na ardhi iliyoinuka nyuma yake ndiyo kaburi lenyewe. Usikanyage. Nje ya njia ni mboji iliyolowa, kiatu kinazama hadi kifundoni hata kiangazi. Juni na Julai usiku wenyewe haupo wa kutosha, njooni Septemba.

Mswahili wa Maryland

Huku Marekani msidanganyike na uzi huu. Viwanja vya vita vilivyo chini ya hifadhi za taifa hufungwa giza likiingia, ukikutwa ndani unaandikiwa faini, na kubeba kifaa cha kutafutia vyuma ardhini ni kesi nyingine kabisa. Njia halali ni kusubiri matembezi ya usiku yanayoongozwa na askari wa hifadhi, ambayo hutangazwa mara chache. Antietam kuna jambo moja zuri kila Desemba: taa 23,110 zinawashwa uwanjani, moja kwa kila aliyeuawa, kujeruhiwa au kupotea tarehe 17 Septemba 1862. Lakini lile unalipita ndani ya gari, taa zikiwa zimepunguzwa, na foleni huanza mapema. Hakuna kushuka.

Karani wa Zamani

Mswahili amegusa vyuma, nami nimalizie kwa Taveta. Mtaona maganda ya risasi, vipande vya chupa, vipande vya makopo ya nyama, hasa mvua ikiwa imesomba udongo. Usiku vinang'aa kwenye tochi kuliko mchana. Yaacheni. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kwa vile hapo mpaka uko karibu unaweza kujikuta umevunja zote mbili kwa ganda moja mfukoni. Ganda likiwa na risasi yake bado, au kitu kizito cha mviringo chenye kutu, usikiguse hata kwa fimbo. Weka alama kwa mawe matatu hatua kumi kabla ya kukifikia, mwambie polisi asubuhi.

Halafu makaburi. Yale ya vita ya Taveta, Maktau na Voi yazuruni mchana, usiku hamna cha kusoma pale. Na mkisoma mtaona majina ya wapagazi hayapo. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba maelfu kwa maelfu wa Afrika Mashariki hawakuandikwa kwa majina. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi ndiyo majina yaliyobaki ya kile kikosi cha wapagazi. Mawe yaliyopangwa duara juu ya vilima, yanayofika kiunoni, msiyakalie wala msiyaondoe kuota moto. Moto wenyewe msiwashe.

Kijana wa Wundanyi

Shukrani wakuu. Maswali mawili. Ule mbuyu wenye alama za risasi, uliosimuliwa kwamba alijificha mwanamke wa Kijerumani mlenga shabaha, unafaa kuwa alama ya njia usiku? Na reli ya zamani, inafaa kutembelea juu yake?

Tumbili wa Jipe

La kwanza: simulizi ni tamu, ila usiku mibuyu yote ni mbuyu mmoja. Ukiuchukua kama alama, funga kitambaa cheupe upande unaotazama njia yako, halafu ukitoe mkirudi. Na usiingize mkono wala kichwa kwenye uwazi wa mbuyu, nyuki hupenda pale.

La pili: reli hapana. Iliwekwa kuanzia 1915 kwa ajili ya vita, na mataruma yake hayajapangwa kwa hatua ya mtu: moja ni fupi mno, mawili ni marefu mno. Mchana unarekebisha kwa jicho, usiku unarekebisha kwa goti. Penye daraja dogo la mfereji mataruma yako hewani na katikati ni wazi. Tembea pembeni, chini ya tuta, upande ambao mwezi unamulika.